Kulehemu kwa fedha: kwa nini bomba la friji haliungwi kama geti

Friji ya samaki ikiacha kugandisha Mikindani au Kilwa Masoko, hasara haingoji kesho. Fundi anaitwa, anapekua, anakuta bomba limetoboka na gesi imekwisha, kisha anataja bei. Hapo ubishi unaanza. Mwenye friji haelewi kwa nini tundu lisiloonekana vizuri kwa macho limgharimu kuliko bawaba za geti alizochomelewa wiki iliyopita. Mtu wa pembeni anashauri bomba lipelekwe kwa mtu wa weldingi, litengenezwe kwa dakika mbili. Mwingine anakumbuka kwamba fundi redio huunga kwa risasi na hadai pesa nyingi, basi kwa nini na bomba lisiungwe hivyo hivyo?

Hapa zimetajwa kazi tatu tofauti: weldingi ya geti, kuunga kwa risasi, na ile ya fundi friji, yaani kulehemu kwa fedha (madini ya fedha, si pesa). Mitaani kwetu zote huitwa kuchomelea. Zote zina moto, zote zinaunganisha madini, na zote zinaacha kovu mahali palipoungwa. Ndani ya ungio lenyewe, hata hivyo, kinachotokea si kimoja. Ukiweka moja mahali pa nyingine unapoteza pesa na kifaa, na mara nyingine afya ya fundi.

Swali linalozitenganisha ni hili: je, vipande viwili vinavyoungwa vinayeyuka vyenyewe, au kinachoyeyuka ni madini ya tatu yaliyowekwa kati yao?

Katika weldingi, vipande vyenyewe vinayeyuka. Kingo mbili za chuma zinageuka majimaji pale zinapokutana, zinachanganyika pamoja na madini ya elektrodi (rodi ya weldingi), na zikipoa zinakuwa mwili mmoja. Chuma huhitaji takriban nyuzi 1,500 za Selsiasi ili kuyeyuka, kwa hiyo moto wa weldingi lazima uwe mkali kupita huo. Moto wa oksijeni na asetilini hufika nyuzi 3,000 na kidogo zaidi, na ule mwali wa umeme unaopofusha macho huzidi hapo.

Katika kulehemu, vipande vinabaki vigumu tangu mwanzo hadi mwisho. Kinachoyeyuka ni lehemu peke yake, yaani madini mengine yenye kiwango cha chini cha kuyeyuka. Lehemu inapita katikati ya vipande, inashika nyuso zote mbili, inaganda. Kulehemu nako kuna matabaka mawili, na mpaka unaokubalika kimataifa ni nyuzi 450. Lehemu inayoyeyuka chini ya hapo ni laini, na hiyo ndiyo ile ya fundi redio tunayoiita risasi. Inayoyeyuka juu ya hapo ni lehemu ngumu. Kulehemu kwa fedha ni tawi la lehemu ngumu, sawa na kulehemu kwa rodi za shaba ya njano, ambazo baadhi ya mafundi baiskeli bado wanazitumia kwenye fremu.

Hapa Kusini mwa Tanzania tuna mfano mkubwa wa mahali ambapo lehemu ya fedha haiwezi kuingia kabisa. Bomba la gesi asilia linalotoka Madimba, Mtwara, kwenda Dar es Salaam, lililozinduliwa mwaka 2015, lina kipenyo cha inchi 36 na ni la chuma. Vipande vyake vimekutanishwa ncha kwa ncha na kuunganishwa kwa weldingi. Bomba nene kiasi hicho haliwezi kupashwa moto sawasawa kuzunguka mduara wote kwa ajili ya lehemu, na lehemu haina pa kupenya pale ncha mbili zinapotazamana tu. Kazi hiyo ni ya weldingi, na bomba la friji lenye unene usiofika milimita moja si la weldingi. Mwali unaoyeyusha chuma cha geti utalitoboa bomba hilo kabla mkono haujatulia.

Ndani ya rodi ya silva mna nini

Mafundi wengi huita rodi hizi silva, na wateja wengi huamini ni fedha tupu. Si fedha tupu, wala isingefaa ikiwa fedha tupu. Fedha peke yake huyeyuka kwenye nyuzi 962, na shaba nyekundu ya bomba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085. Pengo kati yao ni dogo, na fundi mwenye mwali mkononi angeharibu mabomba mengi. Kwa hiyo fedha huchanganywa na shaba, zinki na stani, na mchanganyiko huo unayeyuka mapema zaidi kuliko fedha au shaba ikiwa peke yake. Aina moja inayotumika sana ina fedha asilimia 56, shaba 22, zinki 17 na stani 5. Huanza kulainika kwenye nyuzi 620 na huwa majimaji kamili kwenye 655. Sasa pengo kati ya lehemu na bomba limezidi nyuzi 400. Pengo hilo ndilo linalonunuliwa kwa bei ya fedha, na fedha huuzwa duniani kama madini ya thamani.

Kuna familia ya pili, ya bei nafuu, ambayo ndiyo huonekana zaidi kwenye mabegi ya mafundi friji. Hizi ni rodi za shaba na fosforasi. Baadhi hazina fedha hata kidogo, nyingine zina asilimia 2, 5 au 15. Fosforasi ina sifa nzuri: inajisafishia njia, inaondoa kutu ya shaba yenyewe wakati wa kuyeyuka. Ndiyo maana fundi anaunga shaba kwa shaba bila kupaka dawa yoyote, na ungio linakuwa imara.

Hapa pana kosa ambalo naamini limeua friji nyingi kuliko umeme mbovu. Rodi ya fosforasi haifai kwenye chuma. Fosforasi ikikutana na chuma hutengeneza tabaka gumu lakini linalovunjika kirahisi. Ungio linang'aa, halivuji siku hiyo, mteja anafurahi. Kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya friji, inaanza kutetemeka kila inapowaka na kuzima, na baada ya muda ufa unatokea palepale. Midomo ya kompresa nyingi, pale mabomba yanapoungwa, ni ya chuma iliyopakwa tabaka jembamba la shaba, kwa hiyo rangi inadanganya. Ukitaka uhakika chukua sumaku ndogo: ikinasa, hicho ni chuma, na kinahitaji rodi yenye fedha nyingi pamoja na flaksi, yaani dawa ya kusafisha uso wa ungio. Koili za nyuma ya friji, zile nyeusi, nazo mara nyingi ni za chuma.

Na alumini je? Friji nyingi za sasa zina mabomba ya alumini upande wa kugandisha. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, pale pale ambapo lehemu ya fedha ndiyo kwanza inatiririka. Fundi akijaribu, bomba linaporomoka mkononi. Alumini ina lehemu zake na flaksi zake, na mara nyingine njia bora ni viunganishi vya kubana ambavyo havitumii moto kabisa.

Lehemu inavyopenya

Atakayeelewa sehemu hii ataelewa karibu kila kitu kuhusu kulehemu kwa fedha. Washa koroboi utazame utambi wake. Mafuta ya taa yako chini, lakini yanapanda yenyewe hadi juu ya utambi bila mtu kuyasukuma, kwa sababu kati ya nyuzi za utambi kuna nafasi ndogo mno na kioevu huvutwa na nyuso zilizo karibu. Lehemu iliyoyeyuka inafanya hivyohivyo. Bomba dogo likiingizwa ndani ya bomba kubwa kidogo na kubaki na upenyo mwembamba kati yao, lehemu itavutwa ndani, itazunguka mduara mzima, hata ikibidi ipande juu.

Upenyo huo una kipimo. Kwa lehemu za fedha unatakiwa uwe kati ya milimita 0.05 na 0.15, takriban unene wa karatasi ya daftari. Ukiwa mkubwa, nguvu ya kuvuta inapotea na lehemu inabaki nje ikining'inia. Ukiwa mdogo mno, haina pa kupita. Hii ndiyo sababu fundi makini hatumii muda wake mwingi kwenye moto. Anautumia kukata bomba kwa kikata bomba badala ya msumeno, kutanua mdomo kwa kifaa cha kutanulia, kusugua kwa msasa mwembamba na kupima kama vipande vinaingiana. Mteja akimwona anasugua kwa robo saa anadhani anapoteza muda, kumbe kazi yenyewe ndiyo hiyo. Moto ukishawashwa, ungio dogo halichukui hata dakika mbili.

Usafi nao una sababu. Madini yakipashwa moto hewani hushika kutu ya haraka, na lehemu haishiki juu ya kutu. Flaksi ipo kwa ajili hiyo: inayeyuka kabla ya lehemu, inafunika uso usiguswe na hewa, na inayeyusha kutu iliyokwisha kuanza. Masonara wametumia boraksi kwa kazi hii tangu zamani. Mafundi bomba hutumia zaidi flaksi nyeupe yenye floraidi, ambayo huanza kazi kwenye joto la chini zaidi. Ina manufaa mengine: inampa fundi kipimajoto cha bure. Kwanza inachemka na kutoa mapovu maji yakitoka, halafu inatulia, na karibu na nyuzi 600 inakuwa angavu na nyepesi kama maji. Hapo lehemu iko karibu.

Kisha rodi inaguswa kwenye bomba, na kinachoiyeyusha lazima kiwe joto la bomba. Mwali unaoelekezwa kwenye rodi utaidondosha kama matone juu ya bomba baridi, nayo itakaa hapo bila kushika, iwe nyingi kiasi gani. Ukiona ungio lenye donge kubwa nje, shuku kwamba ndani ni tupu. Ungio zuri lina ukingo mdogo laini unaozunguka mduara wote, na sehemu kubwa ya lehemu haionekani kwa sababu imeingia ndani.

Baada ya kupoa, mabaki ya flaksi yasuguliwe kwa maji ya moto na brashi. Kwa mtu wa Dodoma hili laweza kuchelewa kuleta madhara. Kwetu pwani, kwenye unyevu na chumvi ya bahari, mabaki hayo hunyonya maji ya hewani na kuanza kula bomba lilelile lililookolewa. Isitoshe, mabaki yanaweza kuziba tundu dogo kwa muda, fundi akapima na kuona hakuna mvujo, kisha yakayeyuka siku za mbele.

Risasi ina mahali pake

Nisieleweke kwamba lehemu laini ni duni. Ile ya stani na risasi huyeyuka karibu na nyuzi 183 hadi 190, na hilo ndilo linaloifanya ifae kwenye redio na simu, kwa sababu joto la nyuzi 650 lingeunguza kila kifaa kilichoko kwenye bodi. Fundi mikebe anayetengeneza koroboi na vipimio vya mafuta hahitaji nguvu ya fedha.

Shida inakuja inapopelekwa kusikofaa. Bomba linalotoka kwenye kompresa linakuwa la moto sana, gesi iliyomo inasukuma kwa shinikizo linaloweza kuzidi mara kumi la hewa ya kawaida, na kompresa inatetemeka mchana kutwa. Lehemu laini huchoka haraka ikiwa na joto, ingawa haijafika kiwango cha kuyeyuka. Kwenye vyombo vya chakula pia haifai, kwa sababu risasi ni sumu inayojilimbikiza mwilini na watoto ndio wanaoumia zaidi. Dele la kahawa lililozibwa kwa risasi linaweza kukaa juu ya makaa bila kuachia, kwa kuwa maji yaliyomo hayaruhusu shaba ipite sana nyuzi 100. Watu huona halivuji, wakaamini ni salama. Kutovuja na kutokuwa na sumu ni mambo mawili.

Sonara ana sababu yake ya kuichukia risasi. Pete ya fedha iliyozibwa kwa risasi na fundi asiyejua, ikirudi kwenye mwali wa sonara, risasi na stani hupenya na kuila fedha, zikiacha mashimo. Inabidi akwangue kila chembe kabla ya kuwasha moto. Sonara mwenyewe huwa na lehemu za fedha za madaraja: ngumu, ya kati na nyepesi, kila moja ikiyeyuka chini ya ile iliyotangulia. Anaanza na ngumu kwenye mwili wa pete, anamaliza na nyepesi kwenye kikalio cha jiwe, na maungio ya kwanza hayafunguki wakati anaunga ya mwisho. Ni ustadi ambao fundi friji anaweza kuazima pale maungio mawili yanapokaribiana.

Yanayosemwa mitaani

Husemwa kwamba lehemu haiwezi kuwa na nguvu kama weldingi. Kwenye bomba la shaba, ungio la fedha lililofanywa vizuri lina nguvu kuliko bomba lenyewe. Ukilivuta hadi likatike, linakatika pembeni, pale shaba ilipolainika kwa moto. Siri ni kwamba bomba moja limeingia ndani ya jingine, na eneo lililoshikwa ni kubwa. Mafundi hupendekeza vipande vipitane kwa angalau mara tatu ya unene wa kile chembamba.

Husemwa pia kwamba gesi ya Mtwara ndiyo iliyomo kwenye mitungi ya mafundi na ya majikoni, kwa hiyo kulehemu kungepaswa kuwa kwa bei nafuu huku. Gesi ya Mnazi Bay na Songo Songo kwa sehemu kubwa ni methani, nayo husafirishwa kwa bomba kwenda kwenye mitambo ya umeme na viwanda. Mtungi wa jikoni una propani na butani, zinazoletwa kwa meli kutoka nje. Ni bidhaa mbili tofauti.

La tatu naliandika kwa uzito, kwa sababu linahusu uhai. Mafundi wengi huamini kwamba kunywa maziwa baada ya kazi kunasafisha moshi. Maziwa yanakwenda tumboni na moshi uko kwenye mapafu. Hayakutani. Zinki inayofuka kwenye mabomba ya mabati na kwenye rodi zilizopashwa kupita kiasi huleta homa na baridi kali saa chache baadaye, na kwa kawaida hupita ndani ya siku moja au mbili. Kadmiamu ni hatari zaidi. Baadhi ya rodi za fedha, hasa za zamani na za bei rahisi, zina kadmiamu kwa sababu hushusha joto la kuyeyuka na kufanya lehemu itiririke vizuri. Huchemka kwenye nyuzi 767, joto ambalo mwali unalifikia upesi. Moshi wake hauna onyo la kutosha, dalili huchelewa kwa saa kadhaa, na unaweza kujaza mapafu maji na kuua. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku rodi hizo mwishoni mwa mwaka 2011. Huku kwetu soma pakiti, na kama haina maelezo, usiitumie chumbani. Kinachomlinda fundi ni mlango uliofunguliwa, feni inayopeleka moshi mbali na uso wake, na kutopasha moto kupita inavyohitajika. Ningependa hili lifundishwe kwa kila kijana anayejifunza kwa mkono chini ya mwembe, kama linavyofundishwa kwa anayepata nafasi VETA.

Mwali, gesi na kupima

Kabla ya kuwasha moto, soma kibandiko cha kompresa. Kikisema R600a, gesi iliyomo ni isobutani, na inawaka. Itolewe yote nje ya nyumba, mbali na jiko na swichi, na bomba likatwe kwa kikata bomba, si kwa mwali. Hata gesi zisizowaka, kama R22 na R134a, zikipita kwenye mwali hugeuka kuwa mvuke wa sumu unaochoma koo. Bomba lisipashwe moto likiwa bado lina gesi ndani.

Wakati wa kuunga, fundi aliyejipanga hupitisha naitrojeni taratibu ndani ya bomba. Bila hiyo, shaba hushika magamba meusi kwa ndani, ambayo husafiri na kuziba kapilari, lile bomba jembamba kuliko yote kwenye friji. Mteja anaambiwa kompresa imekufa, kumbe ni uchafu wa maungio ya juzi.

Kisha ungio linapimwa. Fundi anajaza naitrojeni kupitia regileta (kifaa cha kudhibiti shinikizo), anapaka povu la sabuni, anatazama mapovu, na anaiacha geji, yaani kipimo cha shinikizo, kwa muda aone kama inashuka. Wapo wanaotumia oksijeni kwa kuwa mtungi wake uko karibu na naitrojeni haipatikani kirahisi. Hilo lisifanywe kamwe. Ndani ya kompresa kuna oili, na oksijeni ya shinikizo ikikutana na oili inaweza kulipuka bila cheche yoyote. Kama naitrojeni haipo Lindi mjini leo, friji ingoje, na samaki wapelekwe kwenye barafu ya jirani. Geji ikibaki palepale, inafuata pampu ya vakyumu kuondoa hewa na unyevu, halafu gesi kwa uzito ulioandikwa kwenye kibandiko.